Wiki tatu zimepotea, zimebaki saba: nikimbie Moshi au niache?

Swali: "Shikamoo kocha. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Tabata na nafanya kazi ya uhasibu Kariakoo. Nimejiandikisha kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon. Nilianza ratiba ya wiki 16 vizuri, ndani ya wiki sita nikawa nafika kilomita 11 bila kusimama. Halafu malaria ikanilaza. Nilipopona nikatumbukia kwenye mtaro alfajiri umeme umekatika, kifundo cha mguu kikavimba. Mara mtoto akaugua, mara viatu vya mtumba vikaachia soli. Kwa jumla wiki tatu zimepotea. Rafiki yangu anasema nifidie kwa kukimbia asubuhi na jioni. Mume wangu anasema nihamie kilomita 5. Nifanye nini?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa yote hayo. Nikujibu kwanza lile unalotaka kulisikia: bado unaweza kumaliza kilomita 21, ilimradi damu yako na kifundo chako viko sawa, na nitakueleza namna ya kuvipima. Usikimbie asubuhi na jioni. Na usihamie kilomita 5 leo. Uamuzi huo una siku yake, nayo ni mwisho wa wiki ya nne kuanzia sasa.

Wewe ni mhasibu, kwa hiyo nahisi kinachokunyima usingizi. Umefungua ratiba, umeona wiki tatu tupu, na moyo wako unaziona kama madeni. Mazoezi hayaendi hivyo. Siku uliyokosa kukimbia imekwenda, hakuna anayekudai. Ukianza kujilipisha, kilomita za leo ukajumlisha na za juzi, unachukua mkopo wa kausha damu: unajisikia umetatua tatizo leo, na riba yake inakuja kuchukuliwa kwenye mifupa.

Ngoja nikuonyeshe kinachotokea mwilini. Siku kumi hivi za kupumzika hazimnyang'anyi mkimbiaji kitu kikubwa. Kinachopungua mapema ni majimaji ya damu, ndiyo maana siku ya kwanza ya kurudi moyo unadunda kama ngoma kwa kasi ileile uliyoizoea. Hayo hurudi upesi. Wiki tatu zinapunguza uwezo wa mwili kutumia hewa, lakini hazikurudishi pale ulipoanzia. Moyo na mapafu vitakurudia ndani ya wiki chache. Kano na mifupa ndivyo vinavyokwenda polepole, kwa miezi, na hapo ndipo mtego ulipo: pumzi inakuambia twende, wakati mguu haujawa tayari, na mguu haupigi kelele mpaka umeshaumia.

Hili nalijua kwa mwili wangu mwenyewe. Miaka hiyo najiandaa na mbio hizihizi za Moshi, homa ilinitoa barabarani kwa wiki mbili. Niliporudi nilifidia: nilikimbia siku sita mfululizo, na ya sita nikaenda kilomita 18 kwa sababu ratiba iliniambia wiki ile ni ya 18. Maumivu yalianzia kwenye ugoko, sehemu ndogo ambayo ningeweza kuifunika kwa kidole kimoja. Nikaipaka dawa ya kuchua, nikaendelea siku nne zaidi. Ulikuwa ufa kwenye mfupa. Siku ya mbio nilisimama kando ya barabara na magongo, wenzangu niliofanya nao mazoezi wakipita mmoja mmoja mbele yangu. Kama wiki zile mbili ningeziacha zilivyo, ningekimbia. Tangu siku hiyo, kila ninayemfundisha namwambia hili kabla sijamwambia jambo lolote lingine.

Sasa tuje kwenye malaria, maana hiyo naiogopa kuliko kifundo. Vijidudu vyake huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua, na chembe hizo ndizo zinazobeba hewa kwenda kwenye misuli. Dawa mseto inamaliza vijidudu kwa siku tatu, lakini damu iliyopotea hairudi kwa siku tatu. Mwili unaijenga upya kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mtu anapima, anaambiwa amepona, anarudi kazini, halafu ngazi za ghorofa ya pili zinamsimamisha. Huo si uvivu, wala usimruhusu mtu akuambie hivyo.

Kabla hujakimbia tena, nenda kituo cha afya kapime wingi wa damu. Kipimo ni chepesi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu, na hapo tunazungumza na daktari, hatuzungumzi kuhusu mbio. Kama damu iko sawa, nunua daftari dogo uliweke karibu na kitanda. Kila asubuhi, kabla hujainuka, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, uandike. Ndani ya wiki moja utaijua namba yako ya kawaida. Siku ukikuta imezidi kwa mapigo kumi hivi, siku hiyo hukimbii, hata kama ulishapanga. Na homa ikirudi, hata ndogo, mazoezi yanasimama mpaka ipite kabisa na umalize siku mbili ukiwa na nguvu zako. Kukimbia na homa kunaweza kuumiza misuli ya moyo, na hapo hatuongelei tena medali.

Chakula cha kujenga damu unacho jikoni: dagaa, maini, maharage, matembele, mchicha. Kamulia ndimu kwenye mboga au kula chungwa baada ya mlo, kwa sababu vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage. Chai, ambayo najua huwezi kuiacha, isogeze mbali na mlo kwa saa moja hivi. Chai ya rangi pamoja na chakula huyazuia madini hayohayo unayoyatafuta. Nimewaona akina mama wengi wakila vizuri kabisa halafu wanashushia na vikombe viwili vya chai, wakashangaa damu haipandi.

Kifundo nacho kina mitihani yake. Kama siku ile ulishindwa kupiga hatua nne, au hadi leo ukibonyeza lile fupa la pembeni linalojitokeza unasikia maumivu makali, piga picha ya eksirei kwanza. Kama sivyo, jipime hivi ukiwa nyumbani: tembea haraka nusu saa bila kuchechemea, simama kwa mguu ule mmoja kwa sekunde 30, nyanyuka kwa vidole mara kumi na tano kwa mguu huohuo, halafu ruka juu kwa mguu huo mara kumi. Ukifaulu yote bila maumivu, kifundo kinaruhusu. Ukikwama kwenye moja, basi hilo ndilo zoezi lako la kila siku mpaka lipite. Kusimama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, asubuhi na usiku, kunakirudishia kifundo akili ya kujishika, na ukilifanya hilo kwa wiki saba utakuwa na kifundo imara kuliko kabla ya mtaro. Na kama kuna jirani anayekuletea mchuaji, mshukuru, lakini kiungo kilichoteguka siku chache zilizopita hakichuliwi kwa nguvu. Kuchua kwa nguvu kunaongeza uvimbe.

Tafadhali pia usinunue diklofenaki ili ukimbie juu ya maumivu. Kidonge kile kinanyamazisha taarifa unayoihitaji, na ukichanganya na jasho jingi na kiu, figo zinabeba mzigo ambao si wake.

Najua kuna atakayekutajia John Stephen Akhwari. Kila Mtanzania anayekimbia ametajiwa. Mexico City, mwaka 1968, alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, akaumia goti, na akaingia uwanjani limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye alikuwa wa 57. Namheshimu mzee yule kwa dhati. Lakini yeye alikuwa kwenye siku yenyewe, aliyoisubiri miaka, akiwa amevaa rangi za nchi. Wewe uko Tabata, Jumanne asubuhi, kwenye mazoezi. Ujasiri wa siku ya mbio usiutumie kwenye siku ya mazoezi. Jumanne ukichechemea, rudi nyumbani.

Viatu nitavisema kwa kifupi. Mtumba si tatizo, wengi wetu tumekimbia na mtumba. Tatizo ni umri: sponji ya ndani ya soli hukakamaa na gundi hukauka hata kama kiatu hakijavaliwa sana. Sokoni bonyeza soli kwa dole gumba, ikiwa ngumu kama kandambili ya zamani kiache. Kikunje uone kama gundi inaachia. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, kilicholika upande mmoja kitakuvuta mguu uende hukohuko. Kijaribu jioni, wakati miguu imetuna kidogo, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kinunue wiki hii. Kiatu kipya siku ya mbio ni malengelenge ya uhakika.

Mtoto akiugua, mlee. Usiku mmoja wa kukesha hauharibu kitu, kesho yake kimbia taratibu au tembea. Ukikesha usiku wa pili, zima kengele ya simu ulale. Usingizi ndio unaotengeneza kile ulichokibomoa kwa kukimbia, na mtu aliyechoka ndiye anayetumbukia kwenye mitaro.

Kwa kuwa vikwazo hivi havitaisha, vitengee nafasi kuanzia mwanzo. Ratiba nyingi zinaandikwa kana kwamba mkimbiaji hana mtoto, hana bosi, na umeme haukatiki. Wewe panga siku tatu za kukimbia kwa wiki, si tano. Zipe vyeo: ya kwanza ni mbio ndefu ya mwisho wa wiki, ya pili ni ya katikati yenye kilima, ya tatu ni ya taratibu ya dakika 30. Wiki ikivurugika, toa ya tatu. Ikivurugika zaidi, toa na ya pili. Mbio ndefu ilinde, na ikishindikana Jumamosi ihamie Jumapili. Ikikosekana kabisa, wiki inayofuata unarudia umbali uliokuwa zamu yake, huruki kwenda mbele.

Chora njia ya mzunguko mdogo, kilomita 3 au 4, upite karibu na kwako kila mzunguko. Mguu ukiuma au mvua ikishuka, hauko mbali na nyumbani. Kwenye soksi weka elfu tano ya bodaboda na maji. Alfajiri yenye giza vaa taa ya kichwani, na ule mtaro uliokumeza upite upande wa pili wa barabara. Mbwa wakikufuata, acha kukimbia, tembea bila kuwakazia macho. Wakikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Hilo halisubiri kesho.

Kama peke yako gizani unaogopa, na una haki ya kuogopa, jiunge na kikundi cha jogging cha mtaani kwako. Dar imejaa vikundi hivi, utawasikia Jumapili alfajiri kabla hujawaona. Watu wanadhani zile nyimbo ni shamrashamra tu. Mimi nasema zile nyimbo ndizo kipimo bora cha kasi ninachokijua. Ukiweza kuitikia anayeimbisha, kasi yako ni ya kujenga pumzi. Ukiona unaruka maneno ili uvute hewa, umezidisha. Wakimbiaji wapya karibu wote hukimbia mbio ndefu kwa kasi kubwa mno, wanachoka, wanaumia, wanasema mbio si zao. Kwa wiki hizi saba, mbio zako zote za taratibu ziwe za kuitikia wimbo. Hata ukiwa peke yako, imba.

Joto la Dar miezi hii nalo lina sauti. Unyevu ukiwa mwingi jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Toka saa kumi na moja alfajiri au baada ya jua kuzama, na usishindane na namba za saa ya mkononi, kasi itapungua tu. Mazoezi ya chini ya saa moja, maji ya kawaida yanatosha ukisikia kiu. Yakizidi hapo, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji inakutosha, kunywa kidogokidogo. Usijilazimishe kunywa bila kiu. Maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi ya damu, na hilo nalo ni hatari.

Basi wiki saba zako ziko hivi. Ya kwanza ni ya kurudi tu: siku tatu, dakika 25 hadi 30, ukikimbia dakika mbili na kutembea moja. Itakukera kwa urahisi wake. Iache ikukere. Ya pili mbio ndefu ni kilomita 8, ya tatu 10, ya nne 13, ya tano 16. Hizo zote kimbia dakika nane au tisa, tembea moja, tangu mwanzo, kabla hujachoka. Ya sita unashuka hadi 11, na ya saba ni dakika 20 mara mbili kisha mbio yenyewe. Hutafika 21 kwenye mazoezi na hupaswi kufika. Mtu anayeweza 16 kwa utulivu wiki mbili kabla anamaliza 21.

Mwisho wa wiki ya nne ndipo tunapoamua. Ukimaliza 13 na kesho yake ukashuka ngazi bila kushika ukuta, uko ndani. Ukiwa hujaweza 10 mpaka siku hiyo, kwa sababu yoyote ile, mume wako atakuwa sahihi: kimbia kilomita 5 mwaka huu, ubaki na miguu ya mwakani.

Ile mbio ya katikati ya wiki kaifanyie Mlimani, kwenye barabara za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu Moshi haitakupokea kwa tambarare. Mji wenyewe uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na njia ya mbio inapanda kuelekea Mweka kabla ya kukurudisha chini kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika. Anza na miinuko mitatu ya dakika moja moja, kila wiki ongeza mmoja. Panda kwa hatua fupi, kifua wazi, macho mita kumi mbele. Na kushuka nako kujifunze, kwa sababu mteremko ndio unaochana misuli ya mapaja. Usifunge breki kwa visigino, acha miguu izunguke upesi chini yako.

Siku yenyewe, nusu saa ya kwanza watu watakupita. Waache. Mwanamke aliyepata malaria miezi miwili iliyopita hana haraka ya kwenda Mweka. Alphonce Simbu alipoipa Tanzania dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 2025, alimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, na alimpata mwishoni kabisa, ndani ya uwanja. Kilomita 42 za subira kwanza. Pale mteremko wa kurudi mjini utakapoanza ndipo utajua umebakiwa na nini, na wengi waliokupita utawakuta wanatembea.

Safari ya basi kutoka Dar ni kama kilomita 560, kwa hiyo ondoka Ijumaa, si Jumamosi, na basi likisimama shuka unyooshe miguu. Usiku wa mwisho kula wali au viazi au ndizi, vyakula ambavyo tumbo lako linavijua, na maharage yasubiri hadi Jumapili mchana. Asubuhi uji na mkate, saa mbili kabla ya kuanza. Paka mafuta ya mgando kwenye vidole vya miguu, kwapani na kila mahali nguo inapokwaruza.

Kesho nenda kapime damu. Majibu yakiwa mazuri na kifundo kikifaulu mitihani yake, Jumamosi hii utoke kwa dakika 25, mbili kimbia, moja tembea. Jumapili niandikie mapigo yako ya asubuhi yalikuwa mangapi, na kifundo kiliamkaje.